Dini Tatu za Deo Makoye

Siku ya kwanza kazini nilipewa meza isiyo na kiti. Mtunza stoo aliniambia kiti kipo, ila kimeazimwa na ofisi ya jirani kwa ajili ya kikao. Kikao hicho kilichukua miezi miwili. Nawaandikia haya nyinyi mliobaki idarani, wenye viti vinavyozunguka, kwa sababu mliniomba kabla sijakabidhi funguo niwaachie maelezo ya namna kazi yetu ilivyokuwa ikifanyika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili langu, na faili lenyewe ni jembamba.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Bukoba mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya pili ya sosholojia, sanduku la bati, na barua ya kunituma kuchunguza maisha ya dini katika mitaa ya Ilemela. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Aliponisindikiza bandarini aliniuliza kwa mara ya mwisho kama kweli mtu anaweza kulipwa kwa kuangalia wenzake wakisali. Nilimjibu kwamba inawezekana. Akatafakari kidogo, akasema, "Basi uangalie vizuri."

Cha kuangalia kilikuwepo. Soko huria lilikuwa limeingia, na kila wiki mjini kulikuwa na kitu kilichofungwa na kingine kilichofunguliwa. Ushirika wa pamba ulikuwa unapunguza wafanyakazi, na maghala yake yalibaki matupu. Ufukweni vilijengwa viwanda vya minofu ya sangara. Nguo za mitumba zilijaa sokoni. Na katika yale maghala ya pamba yaliyobaki matupu waliingia wachungaji wapya, wengine wamefika na Biblia, gitaa na kipaza sauti tu. Jumapili ukisimama juu ya mawe ya Pasiansi ulisikia mahubiri matatu kwa wakati mmoja, na ziwa likiyarudisha yote.

Wakubwa wangu Dar es Salaam walitaka jambo moja: ni watu wangapi wanaohama dini za wazazi wao kwenda makanisa mapya. Walinitumia dodoso lililochapwa tayari. Swali la saba liliuliza dini yako, na mbele yake kulikuwa na nafasi moja. Swali la nane liliuliza dini yako ya awali, kama umehama. Nililiona ni dodoso safi kabisa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, na vitu safi vilinivutia.

Kisukuma changu kilikuwa salamu mbili, kwa hiyo nilipewa msaidizi. Mzee Malimi alikuwa karani wa kununua pamba kwa miaka mingi kabla naye hajapunguzwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa hata siku za mvua, na hakuwa na haraka. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaitika marahaba, kisha akanisahihisha kitu.

Alinisahihisha mengi. Siku ya kwanza katika nyumba ya mtu usitoe kalamu. Kaa pale ulipoonyeshwa, hata kama kuku ametoka hapo sasa hivi. Usimuulize mtu ana dini gani, maana atakupa jibu alilomwandikia mwalimu wa shule. Nenda Jumatatu, umuulize jana alikuwa wapi.

"Mkulima akikuletea pamba," aliniambia, "hakwambii kama ina mawe ndani. Lazima uingize mkono mpaka chini."

Ni yeye pia aliyenifundisha kutunza betri. Nilikuwa na redio ya kaseti yenye kinasa sauti, kubwa kama tofali, iliyokula betri nne. Betri zikichoka, Mzee Malimi alizianika juani juu ya jiwe pamoja na dagaa wa jirani, na zikapata nguvu za kumaliza mahojiano mengine mawili. Ninyi mnarekodi kwa simu. Sina kinyongo, ila hamtajua raha ya kuona taa nyekundu ikiwaka tena.

Deo Makoye tulimpata Pasiansi, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea mwamba. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano. Zamani alikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Sasa alikata minofu ya samaki, na mikono yake ilikuwa na alama nyingi ndogo za kisu. Mkewe, Kabula, alikuwa mzee wa kanisa katika mojawapo ya yale makanisa ya ghalani, na tulipofika mara ya kwanza alitukaribisha kwa wimbo kabla ya chai. Walikuwa na watoto watatu. Kwenye dodoso nilimwandika Deo bila kusita: dini yake ya awali Mkatoliki, sasa mlokole, amehama.

Mzee Malimi alilisoma lile dodoso njiani. "Umeingiza mkono mpaka chini?" aliuliza.

Nilikasirika kimyakimya, lakini wiki iliyofuata tulirudi Jumatatu, Kabula akiwa sokoni, na nikawasha kinasa sauti. Kabla hajasema lolote, Deo alitaka kujua nani ataisikia kaseti. Nilimwambia sauti yake hataisikia mtu yeyote isipokuwa mimi na Mzee Malimi. Niliyatamka maneno hayo kwa wepesi, kama nilivyokuwa nikiyatamka katika kila nyumba. Yalikuwa yameandikwa juu ya dodoso.

Nikamuuliza jana alikuwa wapi.

Deo alianza kucheka. Alfajiri, alisema, alipanda baiskeli mpaka Buswelu, akaingia misa ya kwanza na mama yake. Mama yake alikuwa mjane, Mkatoliki wa siku zote. Baadaye alirudi Pasiansi, na saa nane mchana alikuwa ghalani na mkewe, akipiga makofi. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili kwa miaka mitatu. Tena kila baada ya mavuno alikwenda Magu kwa baba yake mdogo, na huko alisimama na ukoo wakati wa kuwatolea mababu sadaka.

"Na mkeo anajua?"

"Kabula anajua nimeacha misa. Mama anajua sijaingia ghalani. Baba mdogo hajui kama nasali popote." Akasugua alama za kisu mkononi. "Mwalimu, si kwamba nawadanganya. Kila mmoja namwambia sehemu yake."

Lilikuwapo swali la ishirini, ambalo watu wengi hawakulipenda: ungependa mazishi yako yaongozwe na dini gani. Deo hakukataa. Alifikiri mpaka nikaangalia kama kaseti bado inazunguka. Alisema azikwe Buswelu, karibu na baba yake. Mama yake asali, maana sala zake ndizo za kwanza kuzisikia duniani. Kabula na wenzake waimbe, kwa sababu alipopunguzwa kazi alilala kitandani wiki nzima akiangalia ukuta, na ni nyimbo zile zilizomwamsha. Baba mdogo naye awatajie mababu jina lake, asije akafika kwao kama mgeni.

"Ila wasigombane," alisema. "Na watoto wakae hapahapa na mama yao."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Swali la saba lilikuwa na nafasi moja. Jioni hiyo nilikaa na kifutio, nikafuta, nikaandika, nikafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe nikaliacha kama lilivyokuwa. Nilijiambia kwamba mtu mmoja hawezi kuharibu utafiti.

Baada ya miezi michache Mzee Malimi alikuja ofisini asubuhi akaniambia Deo amefariki. Homa ya siku tatu, iliyopanda kichwani. Mwili ulikuwa mochwari tangu juzi, na hauzikwi kwa sababu hakuna anayekubali uzikwe na mwingine.

Tulikwenda kwenye msiba. Nje kulikuwa na turubai na wanaume wamekaa katika makundi mawili yasiyotazamana. Katika kundi la kwanza alikuwa Mzee Shigela, baba mdogo wa marehemu, aliyefika kutoka Magu na wazee wanne wa ukoo. Alitaka mwili upelekwe Magu, kwenye ardhi ya ukoo. Katika kundi la pili alikuwa mchungaji wa ghalani, Elikana, kijana mrefu mwenye koti la kuazima, na waumini wake. Alisema marehemu alikuwa kondoo wake na atazikwa kwa ibada ya kanisa lake, kwenye makaburi ya mjini, bila mambo ya mizimu. Na ndani, kwenye mkeka, alikuwa mama mzazi, Mama Nyanzobe, aliyekwishatuma mtu kwa katekista wa kigango chake, Buswelu.

Kama lingekuwa suala la kaburi tu, pengine ningekaa kimya. Lakini Mzee Shigela alikuwa amesema mbele ya watu kwamba akizikwa na walokole, ukoo hautamtambua Kabula kama mjane, na watoto watatu wataondoka naye kwenda Magu siku hiyohiyo. Mtoto mkubwa, wa kike, alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika madaftari yake ya shule, yote, kama mtu aliyeambiwa ajiandae.

Nilimvuta Mzee Malimi pembeni, nyuma ya mwamba.

"Kaseti tunayo," nilimwambia.

"Tunayo. Na ahadi tunayo."

"Aliyeahidiwa amekufa."

"Ndiyo maana ni nzito. Aliye hai unaweza kurudi ukamuomba." Alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu kwa jani, jambo alilofanya akiwa na wasiwasi. "Ukiicheza kaseti hii hapa mbele ya watu, mwalimu, kesho hakuna atakayetufungulia mlango. Watasema tunatembea na siri za watu ndani ya mfuko. Na watakuwa wamesema kweli."

Nilimuuliza yeye angefanya nini. Alisema hajui, kwamba yeye alikuwa karani wa pamba, na mwenye shahada ni mimi. Shahada yangu haikuwa na somo hilo. Katika chuo chote nilichosoma hakuna aliyewahi kuniuliza maneno ya mtu yawe ya nani akishakufa.

Nilizunguka mwamba ule mara mbili au tatu. Kisha niliamua jambo ambalo mpaka leo sijui kulitetea kikamilifu, ila nitawaeleza lilivyokuwa. Niliingia ndani nikapiga magoti mbele ya Mama Nyanzobe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikaomba nikae naye na Kabula tu. Wanawake wengine waliondoka kwa shida, wakigeuka nyuma. Kabula alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, mbali na mama mkwe wake kadiri chumba kilivyoruhusu. Hawakuwa wamesemeshana tangu mauti.

Niliwaeleza mimi ni nani, ingawa Kabula alinijua. Niliwaambia Deo alizungumza nami, na maneno yake ninayo, kwa sauti yake. "Nilimuahidi hayatasikika kwa mtu mwingine. Nikiwapa nyinyi nitakuwa nimeivunja ahadi hiyo. Ndani yake kuna mambo yatakayowauma wote wawili. Kama hamtaki, nitaondoka nayo na sitayataja tena. Kama mnataka, mtasikia pamoja. Sitampa mmoja."

Kabula aliuliza kama alimtaja. Nikasema ndiyo. Mama Nyanzobe alisogea kwenye mkeka akaacha nafasi, na baada ya muda Kabula akainuka akakaa hapo.

Mzee Malimi alikwenda kuleta redio na kaseti kwa baiskeli. Aliporudi, betri zilikuwa bado na joto la jua. Alikuwa amezianika asubuhi ile bila kuniambia. Aliniwekea redio mbele, akatoka, akasimama mlangoni mgongo wake ukiwa kwetu.

Nilibonyeza. Sauti ya Deo ikaja, na kicheko chake cha mwanzo, na mlio wa kuku wa jirani siku ile. Kabula aliziba mdomo kwa khanga. Mama Nyanzobe aliinamisha kichwa kuelekea redio kama mtu mwenye sikio moja. Walisikia habari za misa ya alfajiri, na za makofi ya saa nane, na za mavuno ya Magu. Walisikia kila mmoja sehemu aliyofichwa. Nilikuwa naangalia sakafu, nikihesabu makosa yangu.

Kaseti ilipofika mwisho Mama Nyanzobe akasema polepole, "Kwa hiyo kila Jumapili alikuja Buswelu na baiskeli, akarudi, akaenda kwako kusali tena."

"Aliniambia anakuja kwako kuchukua maziwa," alisema Kabula.

"Maziwa gani? Ng'ombe wangu alikauka mwaka juzi."

"Kila Jumapili alirudi na chupa ya maziwa, mama."

Walitazamana. Mama Nyanzobe akasema, "Basi alikuwa ananunua njiani. Na mimi aliniambia anawahi zamu kiwandani. Nikamuonea huruma. Nikawa namfungia viazi vya kula kazini."

"Vile viazi," alisema Kabula, na hakumaliza. Kicheko kilimtoka katikati ya kilio. Mkwewe akamshika bega ili amnyamazishe, naye akashindwa, wakacheka wote wawili wameegemeana, machozi yakiwatiririka. Nje chini ya turubai mazungumzo yalikatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile cha wanaume wanaosikia wajane wawili wakicheka msibani.

Kisha Mama Nyanzobe alijifunga khanga vizuri, akatoka nje, Kabula akimfuata. Aliongea kwa Kisukuma, na Mzee Malimi alinitafsiria sikioni.

"Shemeji," alimwambia Mzee Shigela, "mwanangu atazikwa Buswelu, alipolala ndugu yako. Katekista atasali. Hawa wa ghalani wataimba. Na wewe utamtaja kwa wazee, usimwache mtu hata mmoja."

"Nani amepanga hivyo?"

"Mwenyewe."

Mzee Shigela alinitazama mimi, akaitazama redio. "Hiyo inasema? Basi tuisikie sote."

Kila mtu aligeuka. Nilisimama, nikamwambia kwa heshima zote kwamba siwezi. Niliahidi, nimekwishaivunja ahadi mara moja kwa ajili ya hawa wawili, na sitaivunja tena. Wazee walianza kunung'unika. Mama Nyanzobe akanyoosha mkono.

"Mimi nimesikia. Nilimzaa, nikamfundisha kusema. Sauti yake uniulize mimi."

"Na watoto?" aliuliza Mzee Shigela. "Watoto ni wa ukoo."

"Ni wa ukoo. Na watakaa na mama yao, na mimi ni ukoo, nitakaa nao. Ukitaka kuwaona, njia ya Magu unaijua, magari yapo."

Mzee Shigela aliomba maji ya kunywa. Mzee Malimi aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua mambo yamekwisha, kwa kuwa mtu anayejiandaa kuondoka na watoto hakai kunywa maji taratibu namna ile.

Mazishi yalifanyika kesho yake, na msidhani kila mtu alifurahi. Katekista aliongoza sala haraka, akitazama barabarani kama anayehofu padre atatokea. Mchungaji Elikana alikataa kusimama karibu na kaburi wakati wa kutaja mababu. Alikaa na waimbaji wake chini, karibu na barabara, amekunja mikono. Mzee Shigela alichuchumaa akasema maneno yake kwa sauti ya chini, majina mengi, moja baada ya jingine, na mwisho jina la Deo. Alipoinuka, vumbi likiwa magotini, alimpungia mkono mchungaji, ishara fupi tu ya kusema sasa njooni. Wakaja wakiimba. Nilimwona Mchungaji Elikana anaimba amefumba macho, na uso wake ulikuwa wa kijana aliyempoteza rafiki. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nilikuwa nimemwona kama takwimu.

Yule binti wa miaka tisa alikuwa ameshikwa mkono na bibi yake. Madaftari hakuwa nayo.

Uamuzi ule niliulipia. Kama Mzee Malimi alivyotabiri, mtaa mmoja mzima wa Pasiansi ulinifungia milango. Mwanamume mmoja aliniambia kistaarabu kabisa, akiwa ameshika komeo, "Wewe ndiye unayetunza sauti za marehemu. Mimi bado ni mzima, uniache." Sikumlaumu. Nilisimama nje ya mlango ule nikijua ana haki.

Lakini milango mingine ilifunguka, na mara nyingi iliyofunguka ilikuwa ya wale niliokwishawaandika. Waliniita wenyewe. "Mwalimu, ulinijaza vibaya," alisema mama mmoja muuza dagaa, kisha akanieleza Jumapili yake yote, na Ijumaa pia. Nilirudia nyumba zote nilizowahi kuingia, mimi na Mzee Malimi na betri zetu, msimu mzima wa kiangazi. Tuliwauliza watu jana walikuwa wapi, na juzi, na siku ya msiba wa mwisho. Nafasi ile moja ya swali la saba niliikata kwa kalamu, nikaacha mistari mitupu. Watu waliijaza mistari hiyo mpaka pembeni ya karatasi.

Niliandika Dar es Salaam kueleza kwamba siwezi kuwapa idadi ya waliohama, kwa sababu nyumba nyingi nilizoingia hazikuwa zimehama. Zilikuwa zimeongeza. Jibu lilichelewa sana, na lilipofika lilikuwa fupi: nirekebishe takwimu nizitume kama nilivyoelekezwa. Niliogopa. Nilikuwa mpya, na barua ile ilikuwa na mhuri. Nilimwonyesha Mzee Malimi. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri katika mikunjo yake ileile.

"Nilipokuwa karani," alisema, "waliwahi kuniambia niandike pamba daraja la kwanza wakati ni la pili. Niliandika. Mwaka uliofuata wakulima walileta mawe. Nani angewalaumu?"

Nilituma ripoti yangu kama ilivyokuwa. Ilikaa kwenye droo ya mtu kwa muda mrefu. Baadaye mkubwa mwingine aliingia ofisi ile, akaikuta, akaniandikia kuniomba nifundishe wengine njia ile ya kuuliza. Kazi yangu yote iliyofuata, mnayoijua na ambayo baadhi yenu mmeisoma kwa lazima ya mtihani, ilitokana na hapo.

Kuhusu ahadi, hiki ndicho nilichobadilisha, na nawaomba mkiendeleze. Tangu mwaka ule sikuwahi tena kumwambia mtu kwamba maneno yake hatayasikia yeyote. Nilimuuliza: ukiwa hupo tena, maneno haya yawe ya nani? Wengine walimtaja mke, wengine mtoto, wengine walisema yachomwe. Mzee mmoja alisema apewe mbunge, ili asikie. Niliandika majibu yote juu ya kaseti, na za waliosema yachomwe nilizichoma kwa mkono wangu. Mkijaza zile fomu zenu za maadili zenye kurasa nyingi, ongezeni swali hilo kwa mdomo. Kama Deo angetendewa hivyo, nisingehitaji kuchagua kwa niaba yake. Nilivunja ahadi ya mtu ambaye hangeweza kunijibu. Mambo yalitengemaa, na nashukuru, lakini yangeweza yasitengemae, na kosa lingekuwa langu.

Mzee Malimi alifanya kazi nami mpaka macho yake yalipokataa kusoma. Alistaafu mara ya pili, akapanda migomba Buswelu, akaendelea kunisahihisha kupitia wajukuu wake aliowatuma na ujumbe. Alifariki kwa amani. Kwenye maziko yake niliombwa niseme machache, nikasema machache, maana nilimjua.

Sasa Mama Nyanzobe. Alifanya kama alivyomwambia shemeji yake. Baada ya matanga aliuza ng'ombe wake aliyekauka, akahamia Pasiansi, akachukua chumba cha pili pamoja na wajukuu. Nilikuwa napita mara kwa mara. Yeye na Kabula walibishana kuhusu chumvi, kuhusu binti kusuka nywele, kuhusu nani ameacha ndoo wazi. Kuhusu dini sikuwahi kuwasikia wakibishana. Jumapili asubuhi mmoja alitoka kwenda misa, mchana mwingine alitoka kwenda kwenye kanisa lake, ambalo kufikia hapo lilikuwa limehama ghalani na kujengewa kuta. Jioni, baada ya chakula, Mama Nyanzobe alifunga mlango wa chumba chake akasali rozari kwa sauti, na Kabula akaosha vyombo kwa kelele zaidi kuliko vyombo vilivyohitaji.

Waliishi hivyo miaka mingi. Binti mkubwa akawa muuguzi. Mzee Shigela alikuja kila mwaka baada ya mavuno na gunia la mahindi, akalala hapohapo usiku mmoja.

Mama Nyanzobe alipofariki, mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilikwenda Buswelu, kwenye nyumba yake ya zamani alikorudishwa kuzikwa, kwa miguu, kutoka barabara kuu. Mvua ilikuwa imenyesha na katekista, kijana mpya ambaye sikumjua, alikuwa amekwama ng'ambo ya korongo lililojaa maji. Wanawake wa kigango waliofika walikuwa wachache, wengi wao wasichana, na hakuna aliyejua kuongoza. Walikaa kuuzunguka mwili wakitazamana.

Kabula alikuwa mlangoni na wenzake wa kanisani, mzee wa kanisa, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Aliingia, akapiga magoti kwenye mkeka, akachukua rozari kutoka mkononi mwa marehemu. Akaanza. Hakukosea neno. Alipita fungu moja, akapita la pili, wasichana wakawa wanamwitikia, na wenzake wa kanisani walisimama mlangoni kimya, mmoja wao amevua viatu. Alisali mpaka mwisho, akairudisha rozari mahali pake, akamfunika mama mkwe wake vidole.

Nilimfuata nje alipokwenda kunawa uso.

"Ulijifunza wapi?" nilimuuliza.

Alijifuta kwa khanga, akaangalia mabonde ya chini yaliyokuwa yanang'aa kwa mvua.

"Sikujifunza, dada," alisema. "Nilikuwa naosha vyombo."